Wali Bila Kuni: Maji Moto ya Himalaya na ya Bonde la Rufiji

Katika mji wa Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero, wali ni chakula cha kila siku, haungojewi sikukuu. Mpunga hulimwa katika ardhi ile ile ambayo mto huifunika wakati wa masika, na mchele wake husifiwa sokoni hadi Dar es Salaam. Lakini kila sufuria ya wali huhitaji moto, na moto huhitaji kuni. Upande wa kaskazini-magharibi wa bonde, milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta, na misitu yake kwa muda mrefu ilikuwa ghala ya kuni ya vijiji vya chini. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilipoanzishwa mwaka 1992, wanavijiji waliruhusiwa kuokota kuni zilizoanguka katika siku maalumu za juma. Mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa. Anayepika leo chini ya milima hiyo hufikiri juu ya moto kabla ya kufikiri juu ya mchele.

Yapo mahali duniani ambapo wali hupikwa bila kuni, bila makaa, bila mafuta ya taa wala umeme. Mojawapo ni Yamunotri, katika milima ya Himalaya, kaskazini mwa India. Hapo maji hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 88 hivi za sentigredi, na wenyeji wameyatumia kwa kupikia na kwa ibada tangu zamani sana. Chemchemi hiyo yafaa kuchunguzwa darasani Ifakara, kwa kuwa swali inaloliuliza ni lile lile linaloulizwa na maji moto yaliyomo katika bonde la Rufiji: moto uko wapi?

Yamunotri iko kwenye mwinuko wa mita 3,290 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara ya magari huishia katika kijiji cha Janki Chatti. Kutoka hapo mahujaji hupanda kwa miguu kiasi cha kilomita 5 au 6, njia ikiwa nyembamba, bonde la mto Yamuna upande mmoja na mwamba upande wa pili. Wazee na wagonjwa hupanda nyumbu, au hubebwa na wapagazi. Hewa ni nyepesi, na mtu aliyezoea tambarare huona pumzi ikimwisha baada ya hatua chache. Hekalu hufunguliwa mwezi Aprili au Mei na kufungwa Oktoba au Novemba, kwa sababu wakati wa baridi theluji huifunga njia yote.

Karibu na hekalu kuna kisima kidogo cha maji yanayotokota, kiitwacho Surya Kund, yaani kisima cha Jua. Hujaji hutoa kitambaa chembamba alichofungia mchele, au viazi, akakifunga kwa uzi na kukitumbukiza majini. Baada ya muda hukitoa, na chakula kimekwisha iva. Wali huo hutolewa mbele ya mungu wa kike Yamuna, kisha hugawanywa, na sehemu hukaushwa na kupelekwa nyumbani kwa jamaa ambao hawakuweza kusafiri. Kando yake kuna kisima kingine chenye maji yaliyopoa kiasi, na humo mahujaji huoga kabla ya kuingia hekaluni.

Wafuasi wa dini ya Kihindu, ambao watu wa pwani ya Afrika Mashariki tangu zamani waliwaita Mabaniani ili kuwatenga na Wahindi wa dini nyingine, husimulia kwamba Yamuna ni binti wa Surya, mungu wa jua, na ndugu yake ni Yama, mungu wa mauti. Kwa hiyo, aogaye katika maji ya Yamuna hupewa nafuu mbele ya mauti. Simulizi hiyo ina mantiki yake. Mahali penye theluji, ambapo kila kijito kingine ni baridi kama barafu, maji haya peke yake ni ya moto. Asili yake itafutwe wapi ila kwenye jua?

Yamunotri si peke yake. Huko Badrinath, kwenye mita 3,100 hivi, kuna kidimbwi cha Tapt Kund ambacho mahujaji huoga kabla ya kumwendea Vishnu, ingawa mto Alaknanda unaopita hatua chache kutoka hapo ni maji ya barafu. Huko Manikaran, katika bonde la Parvati, kwenye mwinuko wa mita 1,760 hivi, Wahindu na Masingasinga hutumia chemchemi za bonde moja, na sufuria za wali na dengu hutumbukizwa katika maji yanayochemka ili kuwalisha wageni. Wanajiolojia wamehesabu chemchemi za maji moto zaidi ya 300 katika India nzima. Orodha ya kwanza kubwa ilichapishwa mwaka 1882. Iliandikwa na Thomas Oldham na kukamilishwa na mwanawe, R. D. Oldham, yule ambaye baadaye, mwaka 1906, alionyesha kwa mitetemo ya matetemeko kwamba dunia ina kiini.

Mwanafunzi akiulizwa sababu ya maji kuwa moto, mara nyingi hujibu upesi: volkano. Jibu hilo ni sahihi kwa Iceland, na kwa sehemu nyingi za Kenya. Kwa Himalaya si sahihi. Katika safu hiyo yote ndefu hakuna volkano hai hata moja inayoweza kuwasha moto chini ya Yamunotri. Basi hapana budi kutafuta chanzo kingine cha joto, na kabla ya hapo kutafuta chanzo cha maji yenyewe.

Maji ni mvua na theluji. Jambo hili halikukubaliwa tangu mwanzo. Wataalamu wengi wa zamani walidhani maji ya chemchemi za moto huzaliwa ndani ya miamba iliyoyeyuka. Mwaka 1961 Harmon Craig, mwanakemia wa Marekani, alionyesha kwamba maji ya mvua ya dunia nzima yana alama maalumu. Sehemu ndogo sana ya hidrojeni iliyomo ni hidrojeni nzito, na sehemu ndogo ya oksijeni ni oksijeni 18, na viwango vya vitu hivi viwili hupanda na kushuka pamoja kwa uwiano unaojulikana. Maji ya chemchemi za moto yalipopimwa, alama ile ile ilionekana. Maji anayopikia hujaji, kwa sehemu kubwa kabisa, ni mvua na theluji zilizoanguka juu ya milima zamani, zikapenya katika nyufa, zikashuka, na sasa zinarudi.

Joto nalo ni la ardhi yenyewe. Kadiri mtu anavyoshuka chini ya uso wa dunia ndivyo mwamba unavyozidi kuwa na joto, kwa wastani nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Sehemu ya joto hili ni masazo ya wakati dunia ilipoumbika, na sehemu kubwa hutokana na madini yenye mionzi, hasa urani, thori na aina moja ya potasi, ambayo hujivunja polepole ndani ya miamba na kutoa joto kidogo kidogo bila kukoma. Kipande kimoja cha mwamba wa matale hakitoi joto la kuhisiwa mkononi. Milima mizima, kwa mamilioni ya miaka, ni habari nyingine.

Himalaya ina jambo la ziada. Bara dogo la India liligongana na Asia miaka milioni 50 hivi iliyopita, na bado linasukuma kuelekea kaskazini kwa sentimita chache kila mwaka. Milima huinuka, na wakati huo huo mito na barafu huikwangua kwa nguvu. Mwamba uliokuwa chini sana hupandishwa juu upesi kuliko unavyoweza kupoa, mfano wa kiazi kilichotolewa sufuriani: ngozi imekwisha poa lakini ndani kingali chaunguza. Kwa hiyo, huko joto hupatikana karibu zaidi na uso wa ardhi. Tena msukumo huo umeipasua milima kwa nyufa ndefu, na chemchemi nyingi za moto za Himalaya zimejipanga karibu na ufa mmoja mkubwa ambao wanajiolojia huuita Ufa Mkuu wa Kati. Mvua hushukia katika nyufa, hupata joto chini, huwa nyepesi kuliko maji baridi yanayoifuata, na husukumwa juu upesi kupitia njia iliyo wazi kuliko zote, kwa kawaida chini ya bonde la mto. Ndiyo sababu mahujaji wa Yamunotri, Badrinath na Manikaran wote hufuata mto.

Sasa turudi Kilombero. Bonde hili nalo ni bonde la ufa. Ukuta wa Udzungwa, unaopanda kutoka tambarare yenye mita 300 hivi hadi kilele cha Luhombero chenye mita 2,579, ni ukingo wa mpasuko: upande mmoja wa ardhi ulishuka, upande wa pili ukabaki juu. Miamba ya milima hiyo ni ya kale mno, iliyopikwa na kukunjwa kabla ya kuwako mnyama yeyote juu ya nchi kavu, na volkano haimo. Hata hivyo, maji moto yako pande zote mbili za Ifakara, na abiria wa reli ya TAZARA huyapitia karibu bila kuyajua. Reli hiyo, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hutoka Dar es Salaam na kupita Kisaki, na karibu na Kisaki kuna chemchemi zenye joto la nyuzi 70 hivi. Kisha huvuka bonde la Kilombero kwa Ifakara na Mlimba, hupanda nyanda za juu, na kufika Mbeya. Mbele kidogo ya Mbeya, katika bonde la Songwe, maji hutoka yakiwa na joto la nyuzi 80 na zaidi, na yameacha matabaka manene ya mawe ya chokaa na mapango yanayokaliwa na popo. Wajenzi wa reli walitafuta njia rahisi kupita milimani. Mabonde yaliyoshushwa na nyufa ndiyo yaliyowapa njia, na nyufa hizo hizo ndizo zinazoyapa maji njia ya kupanda.

Anayependa kufuata mto badala ya reli atafika mahali pa namna hiyo hiyo. Kilombero hukutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shuguli na kuwa Rufiji. Chini zaidi, karibu na ziwa Tagalala, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iko chemchemi ambayo jina lake halihitaji kufafanuliwa: Maji Moto. Hutoka kwenye mteremko wa kilima na kushuka katika korongo dogo. Juu hayashikiki, katika vidimbwi vya chini yamepoa kiasi cha mtu kuweza kuoga.

Hesabu nyepesi yaweza kufanywa ubaoni. Chukua chemchemi ya nyuzi 70, mahali ambapo wastani wa joto la mwaka ni nyuzi 25. Tofauti ni nyuzi 45. Ikiwa joto huongezeka kwa nyuzi 30 kila kilomita, maji hayo yameshuka angalau kilomita moja na nusu. Neno angalau lisisahauliwe, kwa kuwa maji hupoa yanapopanda, na huchanganyika na maji baridi ya juu. Tena katika miamba ya kale sana ongezeko la joto huwa dogo kuliko wastani. Katika machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini yaliyofika karibu kilomita 4 chini, mwamba una joto la nyuzi 60 na kitu. Mwalimu aweza kuwaachia wanafunzi warudie hesabu kwa nyuzi 15 kila kilomita. Wataona kina kinakuwa mara mbili. Hapo ndipo watakapofahamu kwa nini wapimaji hawaridhiki na kipimajoto peke yake.

Njia mojawapo ya kupima joto la chini bila kuchimba ni kupima silika iliyoyeyuka katika maji. Silika ndiyo kitu kilichomo katika mchanga mweupe na kioo. Maji ya moto huiyeyusha kwa wingi kuliko maji ya vuguvugu, na maji yakipanda upesi, silika haipati nafasi ya kujitenga. Kiasi kinachopatikana kwenye chupa ya maabara basi husimulia joto la mahali maji yalikotoka, hata kama maji yenyewe yamekwisha poa njiani. R. O. Fournier na J. J. Rowe waliieleza njia hiyo mwaka 1966, na hadi leo ni miongoni mwa vipimo vya kwanza vinavyofanywa kwenye chemchemi mpya.

Swali jingine: kwa nini Surya Kund imekoma karibu na nyuzi 88, wala haikufika 100? Jibu liko angani. Maji huchemka pale ambapo nguvu ya mvuke wake inalingana na kanieneo ya hewa iliyo juu yake. Kadiri mtu anavyopanda, hewa iliyobaki juu yake hupungua, na maji huchemka mapema. Kwa makadirio, kila mita 300 za kupanda hupunguza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 1. Ifakara, iliyo chini ya mita 300, maji huchemka karibu na nyuzi 99. Mahenge, iliyo juu ya milima ng'ambo ya bonde kwenye mita 1,000 hivi, huchemka karibu na 97. Kileleni Luhombero ni 91 au zaidi kidogo. Yamunotri ni 89. Kwa hiyo Surya Kund imefika karibu kabisa na mwisho wake. Hata kama maji yana joto kubwa zaidi huko chini, yakifika juu ziada hugeuka mvuke na kupotea. Mahujaji waonapo mvuke huo asubuhi ya baridi huona pumzi ya mungu. Mwanafizikia huona kipimo kilichojaa.

Wali huiva kwa nyuzi 88 kwa sababu wanga wa mchele huanza kuvimba na kulainika kati ya nyuzi 65 na 75 hivi. Maharage ni mashakani: kwenye milima mirefu wapishi huyachemsha kwa saa nyingi na bado yabaki magumu. Kwa chemchemi ya nyuzi 70 kama ya Kisaki, yai huweza kuiva polepole, lakini wali hautapendeza, na mpishi yeyote wa Ifakara angeukataa.

Huenda msomaji akadhani kwamba kuyaheshimu maji ni jambo la India tu. Historia ya Rufiji yasema vingine. Kabla ya vita vya Maji Maji, watu wa mbali walikwenda mtoni Rufiji kwa Bokero wakiwa na sadaka, kuomba mvua na rutuba ya mashamba. Huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alisimuliwa kuwa aliingia katika kidimbwi cha maji na kutoka akiwa mkavu, na kutoka kwake dawa ya maji, iliyochanganywa na nafaka, ikaenea kutoka kabila hadi kabila. Mwezi Agosti 1905 vita vilifika Ifakara na Mahenge. Maji yaliwaunganisha watu ambao hakuna mtawala aliyekuwa amewahi kuwaunganisha. Risasi hayakuzizuia, na Wapogoro, Wambunga na majirani zao walilipa kwa maisha yao na kwa njaa iliyofuata. Mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja, na mwalimu wa sayansi asilifiche hata moja.

Hatari ya siku hizi ni ndogo kuliko hiyo, lakini haikuisha. Kwanza ni kuungua. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, na kingo za chemchemi mara nyingi ni ganda jembamba la madini ambalo halibebi uzito wa mtu mzima. Pili, ni imani kwamba maji yaliyo moto ni safi. Joto kali huua vijidudu, hilo halina ubishi, ingawa vidimbwi vya vuguvugu huweza kuvilea, na yumo hata amiba wa hatari anayependa maji ya namna hiyo na huingia kwa njia ya pua. Lakini joto haliondoi madini. Maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya miamba, tena yakiwa moto, huyeyusha mengi, na katika Afrika Mashariki lililo baya zaidi ni floridi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Kaskazini mwa Tanzania, katika maeneo yaliyozunguka mlima Meru, vijito na chemchemi nyingi hupita kiasi hicho mara nyingi, hata mwaka 1974 serikali ilikubali kwa muda kiwango cha miligramu 8, kwani vinginevyo vijiji vizima visingekuwa na maji halali ya kunywa. Mtoto akinywa maji hayo meno yanapoota, meno hupata madoa ya kahawia. Kiasi kikizidi kwa miaka mingi, mifupa hupinda na viungo hukakamaa. Mama mwangalifu anayeyachemsha maji ili kuwalinda watoto huyafanya yawe mabaya zaidi: mvuke huondoka, floridi hubaki, na katika maji yaliyobakia huwa nyingi kwa kila lita. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, floridi hupunguzwa kwa kuyapitisha maji katika mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Basi chemchemi yoyote ya moto, iwe imebarikiwa au haikubarikiwa, isinywewe kila siku kabla ya kupimwa.

Kupima huko huleta pia habari njema zisizotazamiwa. Huko Bakreshwar, katika Bengal ya Magharibi, kuna hekalu la Shiva lenye visima vya maji moto, na katika maji hayo mapovu ya gesi hupanda daima. Katika miaka ya 1950 mwanafizikia Shyamadas Chatterjee, akihimizwa na Satyendra Nath Bose, yule ambaye jina lake limo katika neno bozoni, aliyachunguza mapovu hayo na kukuta heliamu, zaidi ya asilimia 1. Gesi hiyo huzaliwa na urani na thori zinapojivunja. Kwa maneno mengine, kazi ile ile inayosaidia kuyapasha maji joto ndiyo inayotengeneza heliamu, na chemchemi huvileta vyote viwili juu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba gesi inayotoka katika chemchemi za bonde la Rukwa, Tanzania, ina heliamu nyingi zaidi, kiasi cha asilimia 10 katika baadhi ya sampuli. Heliamu hutumika kupooza sumaku za mashine za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili. Wafugaji wa Rukwa walikuwa wameyaona mapovu hayo siku zote.

Lipo pia suala la umeme. Kenya ilianza kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini huko Olkaria mwaka 1981, ambako joto ni la volkano. Tanzania ilianzisha kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi mwaka 2013, na Kisaki na Songwe ni miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa. Katika nchi ambamo mwanafunzi wa kijijini husoma kwa taa ndogo, na mama yake hutafuta kuni, ni vigumu kusema kwamba joto hilo liachwe lipotee bure. Lakini kisima kirefu kikichimbwa, maji hupata njia mpya, na kanieneo iliyokuwa ikiyasukuma kwenye chemchemi ya zamani hupungua. Huko Wairakei, New Zealand, kituo cha umeme wa mvuke kilianza kazi mwaka 1958; katika miaka iliyofuata chemchemi zilizokuwa zikirusha maji juu katika bonde la jirani zilikoma.

Bonde la Kilombero limekwisha onja jambo la namna hiyo kwa maji baridi. Mto Kihansi, unaoshuka kutoka ukuta wa Udzungwa, ulipogeuzwa uelekee kwenye mitambo yenye uwezo wa megawati 180, maporomoko yake yalibaki na maji kidogo. Katika manyunyu ya maporomoko hayo, mahali padogo kuliko shamba la familia moja, aliishi chura wa rangi ya dhahabu ambaye hakupatikana penginepo duniani; wanasayansi walikuwa wamemgundua mwaka 1996 tu. Mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa ili kumwokoa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wakilelewa katika bustani za wanyama huko Marekani, na kutoka huko baadhi yao walirudishwa Tanzania kuanzia mwaka 2010. Chemchemi za maji moto nazo huwa na mimea na bakteria waliozoea joto lake na madini yake, na hesabu ya viumbe hao haina budi kufanywa kabla ya mashine ya kuchimba kufika.

Zoezi. Wanafunzi wa shule mbili, moja ya Ifakara na moja ya Mahenge, wachemshe maji ya mvua siku moja, saa moja, kwa vipimajoto vya aina moja, balbu ya kipimajoto ikiwa ndani ya maji bila kugusa chini ya sufuria. Kila shule ifanye vipimo vitano na kutafuta wastani, kisha zibadilishane matokeo kwa barua. Kutokana na tofauti hiyo, wakadirie ni mita ngapi Mahenge imeizidi Ifakara kwa mwinuko, na walinganishe na ramani. Halafu wajibu: chemchemi yenye nyuzi 95 ikionekana kwenye mwinuko wa mita 3,000, ni kosa gani ambalo limefanywa, au ni kitu gani kimeyeyuka katika maji hayo?